Sifuri Ina Mapigo Kumi

Kemijärvi, Januari, saa nne asubuhi na bado giza.
Mama ameketi karibu na jiko la kuni, mikono mapajani,
vidole vimepinda kama tangawizi.
Miaka thelathini na mmoja aliwaunganisha watu wa mji huu,
kisikizio kichwani, mbele yake ubao wa matundu,
akichomeka waya huku, akichomoa kule,
na leo gurudumu la simu yake mwenyewe
halimkubali kidole.

Mimi ni kitinda mimba wake, Raili. Kompyuta naijua kidogo.
Nimenunua modemu ya mtumba kwa mtu wa Rovaniemi,
kisanduku rangi ya maziwa yaliyochacha, taa nne nyekundu,
moja haiwaki. Muuzaji aliapa kwamba hiyo si ya lazima.

Nikaandika:
fungua faili. Soma jina. Soma namba.
Iamshe modemu. Iambie ipige.
Pale laini inapohitaji kuvuta pumzi, tia mkato;
kila mkato ni sekunde mbili.
Sikuwahi kujua kwamba kimya kina alama yake,
kwamba huchapwa kwa kidole cha kati, mkono wa kulia.

Mara ya kwanza nilisahau nukta-mkato ya mwisho,
ile inayoizuia modemu isianze kupiga kelele.
Mzee Urho Saarela akainua simu, akapokewa na ukelele
wa chuma kinachomtafuta chuma mwenzake.
Alidhani ni birika. Akaenda kuzima jiko,
akarudi, akasema "Haloo?"
Mama alicheka mpaka akakohoa.

Mara ya pili, ya tatu: watu wa mjini wote wanapatikana.
Ila Aune, aliyehamia Oulu kwa mwanawe,
Aune hapatikani. Mwanamke wa kwenye kanda
anasema namba hii haitumiki, anasema kwa upole, anarudia.
Nikapekua mistari yangu mmoja mmoja.
Nikaongeza mikato. Nikapunguza kasi.
Nikaitukana ile taa isiyowaka.

"Piga tena," Mama akasema. "Na wewe unyamaze."

Nilikuwa nimeiamuru ipige kwa mapigo, kama simu ya gurudumu,
kwa sababu Mama alisema milio ya siku hizi haimwambii kitu.
Moja ni tik. Tatu ni tik tik tik.
Akafumba macho. Kichwa kikainama kushoto,
upande ule wa kisikizio.
"Umeanza na nane," akasema. "Sifuri iko wapi?"

Sifuri ilikuwamo kwenye faili, niliichapa mwenyewe.
Lakini nilikuwa nimeiambia programu kwamba namba ya Aune ni kiasi,
kitu cha kujumlisha,
na kiasi hakihitaji sifuri mbele yake;
huiacha nje kama viatu vyenye theluji.
Nani aliwahi kumjumlisha Aune na Urho?
Nani aliwahi kuwagawanya kwa mbili?

Nikaitangaza upya: si kiasi, ni maneno,
herufi zilizopangwa, kama jina.

Tik tik tik tik tik, tik tik tik tik tik.
Shuleni sifuri ilikuwa si kitu.
Kwenye waya ndiyo ndefu kuliko zote,
na Mama aliifuata kwa kidevu, pigo kwa pigo, hadi la kumi,
kama mtu anayehesabu vidato vya ngazi ya nyumba ya zamani.

Oulu ikaita. Nikamwekea mkono wa simu kati ya bega na shavu,
nikabonyeza kitufe, modemu ikaachia laini.
"Haloo?" sauti ya Aune, ndogo, ya mtu aliyetoka kuamka.

Na Mama, aliyekuwa na habari za wiki sita kifuani,
akasahau ni mwaka gani.
"Kemijärvi hapa," akasema. "Subiri, unaunganishwa."

Aune akasubiri.
Nikahesabu: mikato miwili, labda mitatu.
Kisha wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja.